Baridi ya Puani katika Bonde la Joto

Bonde la Kilombero limelala baina ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki, na mji wa Ifakara umekaa katika sakafu ya bonde hilo, mahali ambapo ardhi haifiki hata mita 300 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa masika mto hufura ukayafunika majaruba ya mpunga, na maji yakiisha kupungua huacha nyuma yake madimbwi, matope, samaki na mbu. Kisha hufuata kipupwe cha Juni na Julai, ambapo alfajiri hupambazuka na ukungu na watu hujitanda kanga na mablanketi. Na tangu Oktoba mpaka mvua za mwaka mpya jua huwa kali mno, hata adhuhuri kivulini kipimajoto huweza kupita nyuzi 33 za Sentigredi na asitokee mtu wa kushangaa. Namba hiyo ya 33 naomba msomaji aitie akilini, kwani itarejea mara nyingi katika habari hii, na itarejea kutoka mahali asipopatazamia.

Madaktari wa Kizungu waliokuja na dola za kikoloni walikuwa na mazoea ya kuyagawa maradhi kwa tabia ya nchi. Malaria, malale na homa ya papasi yalitiwa katika fungu la nchi za joto. Mafua na vichomi yakatiwa katika fungu la nchi za baridi, huko ambako theluji huanguka na watu hukaa ndani milango ikiwa imefungwa. Mgawanyo huo ulikuwa na uzuri wake, maana ulikuwa mwepesi kufundishwa na mwepesi kukumbukwa. Aibu yake ni kwamba ulikwisha kukanushwa waziwazi mapema, katika miezi ya mwisho ya mwaka 1918, na bado ukaendelea kuaminiwa miaka mingi baadaye.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita humu humu. Boma la Mahenge, ambalo Wajerumani walilishikilia tangu kabla ya Vita vya Maji Maji, lilitwaliwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi wa Oktoba 1917, na nchi iliyokuwa chini yake ikabaki imekaushwa chakula na wanaume, kwa kuwa kila jeshi lililopita lilitaka unga, na kila mfuko wa unga ulitaka mpagazi wa kuubeba. Mwaka uliofuata homa ya mafua, ile ambayo dunia nzima iliiita ya Kihispania ingawa haikuzaliwa Hispania, ilishuka katika bandari za Afrika Mashariki, ikapanda treni pamoja na askari na abiria, ikaenea barani. Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, na watu wake, waliokuwa wamevuka mito na misitu kwa miaka minne wakiponea chupuchupu, wakapelekwa Tabora. Huko kambini, risasi zikiwa zimekwisha kunyamaza, askari na wapagazi wengi waliuawa na mafua. Katika Tanganyika nzima waliokufa ni makumi ya maelfu. Jambo ambalo halikuzingatiwa ipasavyo ni wakati wenyewe: Novemba na Desemba katika nchi yetu ni miezi ya joto. Maradhi yaliyosemwa kuwa ni wana wa baridi yalichinja watu chini ya jua la kiangazi, na hayakuonekana kupungukiwa na nguvu.

Wakati huo hapakuwa na mtu aliyekijua kiini cha maradhi hayo. Madaktari wengi walimlaumu bakteria aliyeelezwa na Richard Pfeiffer wa Ujerumani tangu mwaka 1892, na ilikuwa lazima kungoja hadi 1933, ambapo Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, mjini London, waliwatia fereti, wanyama wadogo wa jamii ya vicheche, maji yaliyosukutuliwa kooni na wagonjwa, baada ya kuyapitisha katika chujio lisilopitisha bakteria wowote. Fereti wakaugua, wakapiga chafya, na kirusi cha mafua kikatambulikana.

Ifakara, katika miaka hiyo, ilikuwa na shughuli nyingine. Mwaka 1949 alifika hapa Rudolf Geigy, bingwa wa elimu ya wanyama kutoka Basel, aliyekuwa mkuu wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyoasisiwa mwaka 1943; akapokewa katika misheni ya Wakapuchini, akaona hospitali ambamo Daktari Karl Schöpf alikuwa akifanya kazi, akaona mto na mbuga, akapenda mahali. Mwaka 1957 maabara yake ikafunguliwa. Geigy alikuwa mtu wa wadudu, na hasa mtu wa papasi, yule mdudu mwenye ngozi iliyokunjamana mfano wa zabibu kavu, ambaye mchana hujificha katika nyufa za sakafu ya udongo na usiku hutoka kumnyonya aliyelala, kisha akarudi ufani kabla ya mlalaji kujua kwamba ametembelewa na amepewa homa ya kurudi-rudi. Mwaka 1961, mwaka wa uhuru, kikaongezwa Kituo cha Msaada wa Vijijini, ambamo vijana wa Kitanganyika walifundishwa uganga. Na mbegu hiyo, baada ya kubadilisha jina na uongozi mara kadhaa, na baada ya kupita mikononi mwa mabingwa wa Kitanzania, tangu mwaka 2008 huitwa Taasisi ya Afya Ifakara.

Wanasayansi wa Ifakara walijifunza joto kwa njia ya wadudu, na somo lao lilikuwa sahihi kabisa kwa wadudu. Mbu hana joto lake mwenyewe. Akikaa katika hewa ya nyuzi 28, tumbo lake nalo ni la nyuzi 28 au karibu yake, na kimelea cha malaria alichokinyonya hukomaa ndani yake kwa muda wa siku 10 hivi. Hewa ikishuka chini ya nyuzi 18 kimelea hukawia mno, na ikishuka zaidi hakikomai. Ndiyo sababu malaria hutawala bondeni na kudhoofika vileleni Udzungwa. Mtu aliyelelewa katika hesabu hiyo asingekuwa na lawama kubwa akidhani kwamba kila maradhi huutii upepo wa nje namna hiyo hiyo. Lakini kirusi cha mafua hakikai katika mbu wala papasi. Makao yake ni ndani ya mwanadamu, na mwanadamu, awe Ifakara au awe Oslo, ana joto la nyuzi 37.

Ana joto hilo, ila si mahali pote. Jambo hili ndilo lililowafungua macho watu wa Salisbury, kusini mwa Uingereza, ambako Andrewes, yule yule wa fereti, alianzisha mwaka 1946 kituo cha kuchunguza mafua ya kawaida, yasiyo yale makali ya 1918, katika majengo ya hospitali ambayo Wamarekani waliyajenga wakati wa vita. Kituo hicho kilidumu zaidi ya miaka 40, na kwa muda wote huo watu wa kujitolea, ambao jumla yao yakisiwa 20,000, walikwenda kukaa huko siku kumi hivi kila mmoja, wakipewa chakula, kitanda na posho kidogo, ili watiwe matone puani na kungojwa waugue. Miongoni mwa majaribio ya mwanzo, moja lingewachekesha akina mama wa Kilombero: baadhi ya watu walioshwa kwa maji ya moto, kisha wakasimamishwa katika ujia wenye upepo hali nguo zao zimerowa, kwa muda wa nusu saa au mpaka wakashindwa kuvumilia, na baadaye wakaachwa wakitembea na soksi mbichi miguuni. Baadhi yao walitiwa kirusi pamoja na mateso hayo, na wengine wakapata mateso matupu. Aliyepata baridi bila ya kirusi hakupata mafua; na katika kulirudia jaribio, hata wale waliopata vyote viwili hawakuugua zaidi ya waliotiwa kirusi peke yake.

Mama wa Kilombero, ambaye amekwisha kusimama siku nzima katika jaruba akipandikiza mpunga, maji yakimfika katikati ya muundi, na aliyeonywa tangu utoto kwamba ubichi wa miguu hupanda kichwani, hatashawishika kwa urahisi na habari ya soksi za Waingereza, na mimi simlaumu. Mwaka 2005 watafiti wa Cardiff waliwaweka watu 90 miguu yao katika maji baridi kwa dakika 20, na wengine 90 wakaweka miguu yao katika beseni tupu. Katika siku zilizofuata, 13 wa kundi la kwanza walisema wamepata mafua, na watano tu wa kundi la pili. Walichoeleza ni kwamba baridi ya miguu huibana mishipa ya damu ya puani, pua ikapoa, na kirusi ambacho pengine kilikwisha kuwamo kimyakimya kikapata nafasi. Maelezo hayo hayakuthibitika sawasawa, lakini yanakubaliana na jambo ambalo Salisbury yenyewe ililigundua mwaka 1960.

Kwa miaka mingi kituo cha Salisbury kilikuwa kimeshindwa kuotesha kirusi cha mafua ya kawaida katika chupa. Seli za binadamu zilikuwapo, makamasi ya wagonjwa yalikuwapo, kasha la kuzipasha seli joto lilikuwapo, nalo, kama yalivyo makasha yote ya maabara ulimwenguni, lilikuwa limewekwa kwenye nyuzi 37, kwa kuwa ndiyo hali ya mwili. David Tyrrell ndiye aliyefikiri kwamba kirusi cha puani kiulizwe habari za pua. Akaipunguza hali ya kasha mpaka nyuzi 33, akapunguza ukali wa magadi katika maji ya seli, akazigeuza chupa polepole ili seli zisikose hewa, na virusi vikaota, vikaziharibu seli mbele ya macho yake. Kundi kubwa la virusi hivyo likaitwa raino, yaani vya pua, na miaka michache baadaye hali ile ile ya nyuzi 33 ilisaidia kuvipata virusi vingine vya mafua, ambavyo umbo lake lenye miiba pembeni, lilipoonekana kwa hadubini ya elektroni na June Almeida, lilivipa jina la korona.

Sababu ya 33 ni kazi ya pua yenyewe. Hewa inapoingia hupita katika vijia vyembamba vilivyotandikwa utando laini wenye damu nyingi, na utando huo huipasha hewa moto na kuitia unyevu kabla haijashuka kifuani. Kazi hiyo huugharimu joto lake, na kule kukauka kwa unyevu huupoza zaidi, hivyo ukuta wa pua hukaa karibu na nyuzi 33 ilhali vindani vya mapafu hukaa kwenye 37. Hata hewa ya Ifakara ya adhuhuri, maadamu haikujaa mvuke, huinywa rutuba ya puani na kuipunguzia pua joto. Na hewa ya alfajiri ya Julai huipunguzia zaidi. Kila mwanadamu, popote alipo, huchukua usoni pake mahali padogo penye hali ya hewa ya namna nyingine, na virusi hivi hufanya maskani hapo.

Jijini Paris, katika Taasisi ya Pasteur, André Lwoff alikuwa akilitazama jambo hilo hilo kutoka upande wa juu wa kipimajoto. Kirusi alichokishughulikia kilikuwa cha polio, wala si cha kifua, lakini aliloliona lilikuwa na upana: joto likipandishwa kidogo tu kupita 37, aina nyingi za kirusi hicho zilipungua uzazi kwa kiasi kikubwa mno, na zile zilizostahimili joto ndizo zilizokuwa na madhara zaidi. Mwaka 1959 aliandika kwamba homa, ambayo madaktari wengi waliiona kuwa ni adui wa kuuawa kwa dawa, huenda ikawa ni silaha ya mwili dhidi ya virusi. Lwoff alipata tuzo ya Nobel mwaka 1965, kwa kazi nyingine. Fikira yake juu ya homa ilibaki ikizungumzwa na wachache, na nitairejea, kwa kuwa ilikuja kutufikia Watanzania kwa mlango wa nyuma.

Aliyeitumia elimu hii kwa ustadi kuliko wote ni Hunein Maassab, mzaliwa wa Damascus nchini Syria, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Michigan. Alikichukua kirusi cha mafua makali kilichopatikana Ann Arbor mwaka 1960, akakiotesha katika seli za figo za vifaranga kwa hali iliyopunguzwa hatua kwa hatua mpaka nyuzi 25, kizazi baada ya kizazi, hata kikazoea ubaridi na kikasahau kabisa namna ya kuishi katika joto la kifua. Kirusi kama hicho kikipulizwa puani kwa mtu hukaa barazani, huamkiana na walinzi wa mwili ambao hujifunza sura yake, lakini hakiwezi kuvuka kizingiti kuingia chumba cha ndani. Ikawa chanjo. Kutoka jaribio la kwanza mpaka kuruhusiwa kutumika Marekani mwaka 2003 ilipita miaka 40 na ushei, na nadhani katika mambo yote ya elimu hii hakuna lililotaka saburi kuliko hilo.

Yafaa hapa kuwakumbuka ndege. Mbuga za mafuriko za Kilombero, ambazo tangu 2002 zimeandikwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu kwa dunia nzima, hujaa bata, korongo na ndege wengine wa majini. Na bata ndio makao ya kale ya virusi vya mafua makali. Ndani ya utumbo wa bata joto ni nyuzi 41 hivi, na kirusi kilichozoea hali hiyo kikitupwa katika pua ya mwanadamu hujikuta katika ubaridi usiokuwa wake, kikazaa kwa shida. Miongoni mwa vizuizi vinavyotukinga na mafua ya ndege hiki ni kimojawapo, ingawa si ngome isiyobomoka: katika protini moja ya kirusi inayoitwa PB2, kule kubadilika kwa kiungo kimoja tu, cha 627, hutosha kukipa uwezo wa kuzaana vizuri katika nyuzi 33.

Na hewa ya nje, je, haina neno? Mwaka 2007 Anice Lowen na Peter Palese wa New York walionyesha kwamba simbilisi walioambukizwa mafua makali waliwaambukiza wenzao waliokuwa vizimba vya mbali kwa wepesi sana katika hewa ya nyuzi 5, na kwamba katika nyuzi 30 uambukizo wa kupitia hewani ulikoma. Wapenzi wa ule mgawanyo wa kale wangeweza kushangilia, lau si jaribio la mwaka uliofuata: simbilisi walipowekwa kizimba kimoja, wakigusana, waliambukizana katika nyuzi 30 kana kwamba hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo joto la bonde laweza kukidhoofisha kirusi kilicho njiani, baina ya pua na pua, lakini halikigusi kikiisha kufika. Na katika nyumba ambamo watoto watano hulala chini ya chandarua kimoja, au katika dungu la kulindia mpunga ambamo familia nzima hubanana wakati wa mavuno, safari baina ya pua na pua ni fupi mno. Kilifi, pwani ya Kenya, ambako watoto wachanga wamechunguzwa kwa miaka mingi, kirusi cha RSV kinachowakaba vifua hupendelea kuanza msimu wake karibu na mwisho wa mwaka na kuendelea katika miezi ya joto.

Ndipo tunapofika mwaka 2008 na hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Watafiti wakiongozwa na Valérie D'Acremont wa Uswisi, pamoja na wenzao wa Kitanzania, waliwachukua watoto 1,005 wenye umri chini ya miaka 10, wengine hapa na wengine Dar es Salaam, walioletwa na wazazi wao kwa sababu ya homa. Sharti la kuingia lilikuwa kipimajoto. Mama hukaa kwenye benchi, mtoto mapajani. Muuguzi husema, "Mama, mshike mkono usichomoke," akakitia kipimajoto kwapani, wakangoja. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, mtoto huandikwa. Kisha kijiti chenye pamba husukumwa puani mpaka nyuma kabisa, jambo ambalo hakuna mtoto alipendalo, na damu hutolewa, na picha ya kifua hupigwa kwa anayehitaji. Katika miaka iliyotangulia, mtoto kama huyo, mjini Ifakara, angetoka dirishani na dawa ya malaria bila ya maswali mengi, kwa kuwa ndivyo mwongozo ulivyokuwa na ndivyo bonde lilivyojulikana.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Wenye malaria walikuwa asilimia 10.5. Wenye maradhi ya njia ya pumzi walikuwa asilimia 62.2, na miongoni mwa hao ni asilimia 5 tu waliokuwa na nimonia iliyoonekana katika picha. Na kwa jumla ugonjwa wa virusi ulipatikana kwa asilimia 70.5 ya watoto wote. Sina budi kusema kwamba malaria ilikuwa imepungua kwa jasho la watu wa Ifakara wenyewe, ambao vyandarua vyao viliuzwa na kugawiwa bondeni tangu miaka ya 1990, na kwamba kupungua kwake ndiko kulikoyaacha mafua yaonekane, kama maji ya mto yanavyopungua yakaonyesha visiki. Hata hivyo visiki havikuota mwaka huo. Mji uliokuwa na maabara mashuhuri ya maradhi ya joto kwa nusu karne ulikuwa, siku zote hizo, umejaa watoto wenye maradhi ya pua.

Mwaka 2015, Ellen Foxman na Akiko Iwasaki wa Chuo Kikuu cha Yale walieleza sababu iliyokuwa imekosekana tangu Tyrrell. Watu walidhani kwamba kirusi cha raino chenyewe hupenda baridi. Hawa wakaonyesha, kwa seli za njia ya pumzi za panya, kwamba udhaifu uko upande wa mwenye nyumba. Seli iliyoingiwa na kirusi hutoa protini ya kuwaonya jirani zake, inayoitwa intafaroni; katika nyuzi 37 onyo hutoka upesi na kwa wingi, na katika nyuzi 33 hutoka kwa uvivu. Walipochukua seli zisizoweza kutoa onyo hilo, kirusi kikazaana hata kwenye joto. Mwaka uliofuata, katika seli za binadamu, wakaongeza kwamba katika joto la kifua seli iliyoambukizwa hufa upesi, na RNA ya kirusi hukatwakatwa, kabla ya wageni kuzaana vya kutosha.

Tarehe 16 Machi 2020 Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona mpya. Ule mgawanyo wa kale ukafufuka kwa haraka iliyonistaajabisha: jua letu, ikasemwa, litatuhifadhi. Na pamoja na jua ikaja nyungu. Katika nyua za Ifakara kama katika miji mingine, sufuria za mwarobaini, mkaratusi, mchaichai na maganda ya malimau zilichemshwa, mtu akajifunika blanketi juu yake akavuta mvuke mpaka jasho likamtiririka. Wako walioicheka nyungu kwamba ni ushamba, na wako walioifanya kuwa ni dawa isiyohitaji kingine. Wote wawili, naona, walikuwa hawajui kwamba jambo hilo lilikwisha kufikishwa mbele ya mahakama ya sayansi. Lwoff, katika uzee wake, pamoja na Aharon Yerushalmi wa Israeli, walitengeneza chombo cha kupuliza puani hewa yenye mvuke wa nyuzi 43. Mwaka 1989 Tyrrell na wenzake wakakijaribu, wakaona kwamba waliovuta hewa hiyo walipata takriban nusu ya taabu ya wale waliovuta hewa ya nyuzi 30. Lakini mwaka 1990 jaribio la Cleveland, Marekani, halikuona nafuu yoyote, na jingine la 1994 likapima kirusi chenyewe katika makamasi likakikuta kiasi kile kile. Mvuke huzibua pua na humburudisha mgonjwa. Kukitoa kirusi ndani ya seli ni kazi nyingine, na pua iliyopashwa moto kwa nusu saa hupoa tena mara blanketi likiondolewa.

Mwaka 2021 zikatoka habari mbili. Ya kwanza ni ya Bern, Uswisi: kundi la Volker Thiel na Ronald Dijkman lilizitia seli za njia ya pumzi za binadamu virusi viwili, kile kilicholeta maradhi ya SARS mwaka 2003 na hiki kipya. Cha zamani hakikubagua baina ya 33 na 37. Kipya kilizaana zaidi katika 33, na kule kwenye baridi seli zilitoa onyo dhaifu. Ya pili ni ya Glasgow: hali ikipandishwa mpaka nyuzi 40, sawa na homa kali, kirusi kipya kiliweza kuingia ndani ya seli kama kawaida, lakini kikiisha kuingia kilishindwa kujinakili, na hilo lilitokea hata pasipo msaada wa intafaroni. Fikira ya Lwoff ya 1959 ilikuwa imepata shahidi katika mapafu.

Habari hizi mbili zikiwekwa pamoja hufafanua jambo moja la mwaka 2020 lililowatatiza watu wengi. Katika milango ya ofisi, viwanja vya ndege na mipaka ya nchi, wasafiri walielekezewa kipajini vipimajoto vya mfano wa bastola, na aliyesoma chini ya 38 akapita. Kirusi cha 2003 kilikuwa kikistawi chini kifuani, na aliyekibeba kwa kawaida alikuwa na homa kabla hajawa hatari sana kwa wenzake. Kipimajoto kilitosha kumkamata. Kirusi cha 2020 kiliweza kuanza puani, katika nyuzi 33, mahali ambapo onyo huchelewa, na mtu alikuwa na kirusi tele katika pumzi zake siku mbili tatu kabla ya homa kupanda, au bila ya homa kupanda kabisa. Mlinzi mlangoni alipima ngozi ya kipaji, akaona 36, akasema, "Karibu ndani, kaka."